Mwinjilisti Sadoki Mbonile na Wale Waliozikwa Bila Kengele

Tangu Jumanne, hapa Tunduma yamesemwa mambo matatu juu ya marehemu mume wangu, na yote matatu si kweli. Imesemwa kwamba alifundisha kuwa jehanamu haipo. Imesemwa kwamba alijiunga kwa siri na dhehebu moja la ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Na imesemwa, tena na watu wa heshima, kwamba Jumapili kabla ya kufa alimwita Mchungaji, akalia, akakana fundisho lake. Mimi Erica, mke wake kwa miaka thelathini na tisa na miezi tisa, nimeandika wasifu huu kwa mkono wangu, na mwanetu Lwitiko anausoma kama ulivyo.

Sadoki Mbonile alizaliwa tarehe 12 Machi 1949 katika kitongoji cha Ntembo, milimani juu ya Itumba, ambako leo ni Wilaya ya Ileje na wakati ule palihesabiwa kuwa Rungwe. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Gwalugano Mbonile, mkulima wa kahawa. Ni ukoo ambao haujawahi kuitwa mbele ya baraza la kijiji kwa wizi, uchawi wala ugomvi wa mpaka wa shamba. Wapo hapa wazee wa Itumba wanaoweza kushuhudia hilo.

Alianza shule mwaka 1957 na kumaliza darasa la nane mwaka 1964. Katika mtihani wa mwisho alishika nafasi ya pili, na hadi uzeeni alimtaja aliyekuwa wa kwanza kwa kinyongo kidogo. Mwaka 1971 na 1972 alisoma chuo cha Biblia, akahitimu uinjilisti.

Kituo chake cha kwanza, kuanzia Februari 1973, kilikuwa Ivuna. Huko aliishi na wachemsha chumvi, akala walichokula, na akajifunza kazi yao: kukusanya udongo wenye chumvi, kuuchuja kwa maji, kisha kuyachemsha yale maji vyunguni tangu asubuhi hadi jua linapokaribia kuzama. Alipokuja kuposa Itumba mwaka 1975, alileta gunia la chumvi ya Ivuna kama zawadi kwa mama mkwe wake. Alilisafirisha kwa lori hadi Mlowo, kisha akalifunga kwenye baiskeli. Mvua ikamkuta mlimani. Alipofika, gunia lilikuwa limebaki na ukubwa wa mto wa kulalia, na suruali yake nyeusi imekuwa nyeupe hadi magotini.

Mama mkwe alilitazama gunia, akamtazama na mwenyewe. "Mwanangu, hii chumvi umeleta au umeivaa?"

"Nyingine iko njiani, mama," akajibu. "Nimewagawia wote tuliopitana nao."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Desemba 1975, Itumba. Mke wake alikuwa mwalimu mwenye cheti, na mshahara wake ulikuwa mkubwa kuliko wa mwinjilisti. Marehemu hakuona haya kulisema hilo mbele ya watu, na ni wanaume wachache wa umri wake ambao wangeweza. Mungu aliwajalia watoto wanne.

Januari 1986 alihamishiwa Tunduma. Ndiyo miaka ambayo mpaka wa Zambia ulifunguka. Sukari, mitumba na mahindi vilipita mchana kweupe, malori yakapanga foleni, na nyumba za wageni zikaota kila upande. Watu walikuja kutoka kila mahali kutafuta maisha, na wengi walikufa hapa bila ndugu. Yeye alihubiri moto, kwa sauti kubwa, na ushirika ulimpenda kwa hilo.

Kanisa letu lina kanuni, na marehemu aliisimamia bila kuyumba: aliyetengwa akifa kabla ya kurudi kundini hazikwi na kanisa. Kengele haipigwi. Kwaya haiimbi. Mwinjilisti hasogei kaburini; anasimama njiani na nguo zake za kawaida, kama jirani mwingine yeyote. Agosti 1991 alikufa Watson, mpakiaji wa mizigo mpakani, aliyetengwa kwa ulevi. Lori lilirudi nyuma, likamkanyaga. Mwinjilisti Sadoki alisimama njiani. Mama yake Watson, Bibi Ketrina, Mnamwanga aliyekuwa mshiriki tangu utoto wake, aliliacha kaburi la mwanawe likiwa wazi, akamfuata pale pale barabarani.

"Mwinjilisti, Watson yuko wapi sasa?"

"Hilo tumwachie Mungu, mama."

"Jumapili hukumwachia Mungu. Ulisema walevi wako motoni, ukapiga na meza."

Yule bibi hakupaza sauti. "Basi nifute na mimi jina langu. Huko mbinguni mtaniimbisha nini, na mimi namsikia mwanangu analia? Mimi nitakwenda aliko Watson. Nitakaa naye, nimpepee."

Marehemu alirudi nyumbani, akakaa mbele ya chakula bila kunawa. Mkewe alimuuliza kama anaumwa.

"Mama Lwitiko," akasema, "inawezekana yule bibi anampenda Watson kuliko Mungu anavyompenda?"

"Haiwezekani."

"Basi Mungu atamwachaje, na bibi hawezi?"

Mkewe alimwambia ale kwanza. Hakula siku ile, wala siku ya pili.

Hapo ndipo ilipoanza miaka kumi na miwili ya kusoma. Alisoma Maandiko kama mtu aliyepoteza kitu ndani ya nyumba na anainua kila mkeka. Alipiga mstari kwa penseli penye neno "wote": kwamba wote waliokufa katika Adamu watahuishwa katika Kristo, kwamba vitu vyote vitapatanishwa kwa damu ya msalaba, kwamba Kristo alishuka akawahubiria walio kifungoni. Wala hakuiruka mistari ya moto na kusaga meno. Aliiandika kwenye karatasi, akaigongomea ukutani juu ya kitanda, ili, alisema, asijidanganye.

Mkewe hakukubaliana naye, na iandikwe wazi hapa kwamba hadi leo hakubaliani naye katika yote. Mwaka 1999, watu wa Mbozi na Tunduma walipoogopa hata kwenda shambani kwa sababu ya wachuna ngozi, waliowaua watu na kuuza ngozi zao, alimuuliza: "Na hawa? Hawa nao wataketi mezani na watu waliochunwa?"

Siku ya nne alikuja jikoni, akashika mlango.

"Hao moto wao utakuwa mrefu sana, Mama Lwitiko. Watasimamishwa mbele ya wale waliochunwa, watazamane usoni, mpaka waone walichofanya kama Mungu anavyokiona. Sijui moto mkali kuliko huo. Lakini nikisema hauna mwisho, nimesema kwamba uovu wa mtu umeushinda msalaba. Hilo ulimi wangu umekataa."

Mkewe amefundisha miaka thelathini na minne, na amesikia watu wengi wakisema mambo makubwa. Siku ile alizima jiko, akakaa kitako chini. Hakuwa amekubali. Alikuwa ameogopa, kama mtu anayeogopa akiwa amesimama kileleni na kuona nchi ilivyo pana.

Siku ya Pasaka, tarehe 20 Aprili 2003, marehemu alihubiri jambo hilo madhabahuni. Alisema Kristo alipolivunja lango la kuzimu hakulifunga tena nyuma yake, na kwamba Mchungaji Mwema hahesabu kazi yake imekwisha mpaka kondoo wa mwisho amepatikana, hata akijificha milele nzima. Kwaya ilisahau kusimama. Kisha mzee mmoja wa benchi la mbele akainua mkono, jambo ambalo kwetu halifanyiki katika ibada.

"Mwinjilisti, hata mke wangu aliyenikimbia na dereva wa Kongo?"

"Hata yeye, mzee."

"Basi mimi naomba nyumba upande wa pili."

Watu wakacheka. Ndicho kicheko cha mwisho alichopewa katika kanisa lile.

Baraza la wazee lilimwita tarehe 9 Mei. Mchungaji Fanueli, ambaye yupo hapa leo na ataniruhusu kusema kweli, hakumtukana. Alimuuliza maswali ambayo mtu yeyote mwaminifu angeyauliza. "Kama mwishoni wote wataokoka, mimi nimejisumbua nini miaka yote hii?"

"Mchungaji, daktari akijua mgonjwa atapona mwakani, atamnyima dawa leo?"

"Unawapa walevi ruhusa."

"Nimewahubiria moto miaka kumi na saba. Vilabu vya pombe vilikuwa vinne, sasa sijui idadi yake."

"Kwa hiyo unakataa moto?"

"Sikatai. Nimekaa Ivuna. Wale mama wanauchochea moto kutwa nzima, na hakuna anayetaka kuunguza chumvi. Wanataka maji yaondoke, chumvi ibaki. Mungu naye anajua anachokitafuta ndani ya chungu."

Mchungaji Fanueli alimwambia kwamba mafundisho ya kanisa ni makubwa kuliko mtu mmoja na chungu chake. Marehemu alikubali kwamba hilo ni kweli, na akasema pia kwamba hawezi kukana. Alisimamishwa huduma na kuondolewa Meza ya Bwana hadi atakapotubu. Hakukata rufaa. Madhehebu mapya yenye mahema na vipaza sauti yalimjia, moja likamwahidi pikipiki. Aliwashukuru, akawapa chai. Kwa miaka kumi na miwili alikaa kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, kila Jumapili, na mkate ukampita. Mtu wa namna hiyo hahamii Nakonde kwa siri.

Wiki ile ile aliyosimamishwa alichukua jembe, akaenda kwa Bibi Ketrina. Walipalilia kaburi la Watson, kisha akasoma ibada yote ya maziko, tangu mwanzo hadi udongo kwa udongo.

"Umechelewa, Mwinjilisti," bibi alisema walipomaliza. "Lakini Watson hana haraka."

Tangu siku ile hakuna aliyetengwa aliyezikwa Tunduma peke yake kama marehemu alipata habari. Aliwazika walevi, mabinti wa nyumba za wageni waliokondeana kwa UKIMWI, na madereva ambao majina yao yalisomwa kwenye leseni tu. Alichimba mwenyewe mpaka mgongo ulipokataa. Hakuvaa kanzu, maana alikuwa amenyang'anywa. Alisimama pembeni ya shimo, akataja jina la mtu, akasema, "Bwana, huyu naye ni wako." Mkewe alikwenda naye mara nyingi, kwa heshima ya ndoa. Na pale kaburini, akiwa na mashaka yake yote, alijikuta anavua viatu.

Marehemu aliugua kisukari tangu mwaka 2009, na figo zikaanza kushindwa Novemba 2014. Alitibiwa Vwawa na Mbeya. Tunawashukuru waganga na wauguzi. Jumapili ya tarehe 6 Septemba 2015 Mchungaji Fanueli alimtembelea nyumbani, wakakaa wawili nusu saa. Alifariki Jumanne, tarehe 8 Septemba, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na sita. Waliokuwa chumbani ni mkewe na binti yake Marta.

Jumanne ile ile alasiri walikuja wazee wawili wa kanisa. Walinipa pole, wakasema: "Mwalimu, tuandikie kwamba alitubu. Mstari mmoja tu. Kengele itapigwa, kwaya itaimba, atalala kwa heshima ya nyumba yenu."

Wanajua ninavyoijali heshima ya nyumba yangu. Niliwaambia waniletee Mchungaji. Alikuja, akasema mbele yao: "Mimi sikumsikia akikana, na sikumuuliza. Tulisali." Kwa hilo namheshimu. Sikuandika ule mstari. Kwa hiyo leo hamtasikia kengele, na Mchungaji ameketi kati yenu na koti lake, bila kanzu, na Sadoki Mbonile anazikwa kama alivyozikwa Watson. Heshima ya nyumba yetu ndiyo hiyo.

Ameacha mjane, watoto wanne, Lwitiko, Marta, Blessing na Makene, wajukuu tisa, na dada yake mmoja anayeishi Itumba. Yeye mwenyewe angetaka waandikwe pia kati ya wafiwa wale waliomwita mpotovu, nami nawaandika.

Alale kwa utulivu, Mungu aliyemwamini yuko macho.

Wengi wananiuliza alisema nini asubuhi ile. Alisema. Tulimsikia mimi na Marta. Sisemi, na Marta hasemi. Msituulize tena.