Tumbawe la Mke wa Kinyozi

Benchi letu liko mlangoni kwa Kinyozi, na ndani kuna tangi la maji ya chumvi lenye tumbawe la matawi, mali ya mkewe, ambalo siku hizi amelifunika kitambaa. Alipokwenda kumuuguza mama yake, mke alimwambia, "Nirudi nilikute hai." Leo anarudi. Tumewahi kuja, maana sisi kwa umbea hatujambo.

BOMBA (fundi wa mabomba, ndiye aliyeleta kahawa): Sema tu limekufa. Mficha uchi hazai.

KINYOZI: Lilianza kuwa jeupe shinani. Nikachukua mkasi, nikate tawi linaloumwa. Sasa tangi liko mbele ya kioo cha kunyolea, na mkono wangu umezoea kufuata kioo, kulia kukawa kushoto...

PROFESA (fundi simu, hajawahi kukosa jibu): Ukakata tawi lisiloumwa!

KINYOZI: Nikakata hilo zima. Siku chache tu, lililobaki lote likafa, jeupe kama chaki.

Nilimwonea huruma Kinyozi, nasema kweli.

BOMBA: Na hilo zima?

KINYOZI: Nililibandika kwenye jiwe kwa gundi. Ingieni mwone.

Tuliingia, akafunua kitambaa. Loo! Tawi la kidole kimoja limechipuza kila upande, zambarau hadi nchani. Nilipiga kelele mpaka mteja akaruka kitini.

BOMBA: Ni mabomba hayo! Ulizibua, presha ikapanda.

PROFESA: Mabomba wapi? Hizo ni pembe. Huko chini kuna swala wa baharini, pembe ikikatwa inaota upya. Ndiyo maana wahenga wakasema, haba na haba hujaza kibaba.

BOMBA: Kibaba kinahusu nini hapa?

PROFESA: Tangi limejaa, halijajaa?

KINYOZI: Mimi naona ni redio. Limekua kwa kusikiliza mpira.

BOMBA: Basi timu yetu ingeshinda, lingegusa dari!

Tulikuwa tunapigana mabega kwa furaha mke alipoingia, begi bado mkononi. Akainama, akalitazama tawi, akatazama na mifupa myeupe ya lile lililokufa, iliyopangwa dirishani.

MKE: Hili ni lile lile nililokuachia, au ni mtoto wake?

Bomba akamtazama Profesa. Profesa akatazama kikombe.

MKE: Maana kama ni lile lile, mume wangu, umenitunzia. Na kama ni mtoto, basi tumeshakuwa bibi na babu.

Akaweka begi chini, akamkumbatia mbele yetu wote. Kahawa ilipoa, hakuna aliyeigusa.