Katrice Broadnax Gaines na F Nne za Mwaka 2001

Mchungaji Spates, ndugu, majirani na nyote mliosafiri kuja Marianna leo Jumamosi, tarehe 7 Juni 2025: huu ndio wasifu wa dada yetu Katrice. Umeandikwa na mdogo wake, Lavelle, ambaye ni fundi wa matrekta na si mwandishi, kwa hiyo mtamvumilia. Marehemu mwenyewe, akiwa kitandani, aliomba usizidi kurasa mbili na usimfanye malaika. "Na zile F usizifiche," alisema. "Ukizificha nitafufuka nikukatize mbele ya watu." Basi hazitafichwa.

Katrice Yvonne Broadnax alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 hapa hapa Marianna, Kaunti ya Lee, jimbo la Arkansas. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa marehemu Roosevelt Broadnax, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na Mama Earnestine, aliyekuwa mpishi wa shule. Alibatizwa katika kanisa hili la New Canaan mwaka 1989. Mwaka huo huo baba alimnunulia saa ya mkononi, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Mchungaji wa enzi zile alihubiri kwa saa mbili, na Shemasi Odell Tarver alikuwa na kawaida ya kusinzia. Jumapili moja Katrice alikaa nyuma yake akamhesabia pumzi. Ibada ilipokwisha alimfuata mlangoni, mbele ya washirika wote: "Shemasi, umepumua mara kumi na mbili kwa dakika. Umelala vizuri sana." Mama alimfinya kuanzia mlangoni mpaka kwenye gari. Shemasi Tarver alicheka, akasema mtoto huyu atakuwa daktari maana hana haya. Dada alilichukua neno hilo kwa uzito kuliko alivyokusudia Shemasi.

Alimaliza sekondari hapa mjini mwaka 1999, akiwa wa pili katika darasa lake. Agosti ya mwaka huo aliingia chuo cha jimbo, mwendo wa saa mbili kutoka hapa, kusoma biolojia ili ajiandae kwa shule ya udaktari. Kwa mihula mitatu alifanya vizuri sana. Muhula wa nne, Jumatatu tarehe 12 Februari 2001, Mama alianguka jikoni kwa kiharusi. Katrice alifika nyumbani jioni ile ile na begi moja. Alikuwa amemwambia msichana aliyelala naye chumba kimoja kwamba anaondoka. Alikuwa amemwambia pia mwalimu wa kemia, waliyekutana koridoni, naye akamjibu, "Nenda, mwanangu. Mungu amponye mama yako."

Hakurudi. Kwetu sisi mtu akiugua nyumbani unakwenda nyumbani, na ukishaondoka umeondoka. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba kwenye ofisi ya msajili kulikuwa na fomu ya kuondoka, na kwamba ilikuwa na tarehe yake ya mwisho. Ukiijaza, masomo yanaandikwa kuwa uliyaacha. Usipoijaza, wanakuhesabu kwamba upo na umefeli. Mwezi Juni ilikuja bahasha yenye masomo manne na F nne. Aliisoma akiwa amesimama, akaitia kwenye droo ya vijiko, akaenda kumgeuza Mama ubavu.

Alimuuguza Mama mpaka akaweza kukaa na kuongea tena. Mwaka 2002 aliajiriwa kuwa msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka ishirini na mbili. Wako hapa waliolishwa mama zao na mikono yake, hawahitaji kuelezwa na fundi wa matrekta.

Tarehe 18 Juni 2005, katika kanisa hili, alifunga ndoa na Otha Gaines wa ghala la mpunga. Mungu aliwajalia binti mmoja, Jakayla, mwaka 2007. Shemeji Otha hana maneno mengi, ila siku moja mwaka 2018 alifungua droo ya vijiko kutafuta kizibuo, akaiona ile bahasha. Aliiweka mezani. "Hii imekaa humu miaka kumi na saba," alimwambia mkewe. "Ama uitupe, ama uende ukapambane nayo."

Agosti 2018, akiwa na miaka thelathini na saba, Katrice aliingia ofisini kwa Bi. Marguerite Oakes, mshauri wa wanafunzi wanaojiandaa kwa shule za afya katika chuo kingine cha jimbo, kilicho karibu na kwetu. Bi. Oakes yuko hapa leo, safu ya nne, na mazungumzo haya amenisimulia mwenyewe.

"Bi. Gaines, nitakwambia ukweli," alisema.

"Ndicho kilichonileta. Wa kunifariji ninao nyumbani."

"Chuo chetu kinaweza kuzisamehe F hizi. Kituo cha taifa kinachopokea maombi ya shule za udaktari hakisamehi. Kinahesabu kila alama uliyopata tangu umalize sekondari."

"Hata za miaka kumi na saba?"

"Hata za miaka hamsini. Wastani wako leo ni 2.75 kati ya 4. Ukipata A katika kila somo mpaka umalize, bila B hata moja, hutafika 3.5 ambayo shule hizo hupenda kuiona. Umewahi kufikiria uuguzi?"

"Nimefanya kazi na wauguzi miaka kumi na sita, na nawaheshimu sana. Lakini sikuja kuulizia uuguzi."

"Watataka pia saa ulizokaa na wagonjwa. Unazo ngapi?"

"Za wiki hii au za maisha?"

Bi. Oakes alicheka, akatoa karatasi, wakaanza kupanga masomo.

Ilimchukua miaka mitano, kwa sababu asubuhi alikwenda darasani na mchana alikwenda kazini. Alikaa na watoto wa miaka kumi na tisa waliomwita "mama", akawaambia mama yao yuko kwao, hapa wamwite Katrice. Kemia ogania ilimtoa jasho. Otha alimshikia kadi za kujisomea jikoni, akiyasoma majina ya kemikali kama aldehaidi kwa namna yake, mpaka Mama akauliza kutoka sebuleni, "Huyu Alda Haidi mnayemtaja kila siku ni mwanamke gani?" Somo hilo ndilo alilopata B, B yake pekee. Alinuna siku tatu na hatukuthubutu kumsemesha. Kisha ilimbidi amfuate daktari mmoja kama kivuli kwa saa sitini, kwa kuwa shule hupenda kujua kwamba mwombaji ameiona kazi kwa macho. Mtu aliyewainua wagonjwa miaka yote hiyo aliambiwa asimame kwenye kona na asiguse kitu. Alisema kazi ngumu kuliko hiyo hajawahi kuifanya.

Alipata shahada yake Mei 2023, wastani 3.42. Mtihani wa kuingilia udaktari aliufanya mara mbili, maana mara ya kwanza alama hazikutosha. Kiangazi hicho aliomba shule tisa. Nane zilimkataa. Ya tisa ilimweka kwenye orodha ya wanaosubiri, naye akatembea na simu mkononi mpaka Julai ya mwaka uliofuata, kisha nayo ikamkataa. Niseme wazi kwamba mimi nilimshauri aache. Nilimwambia amejaribu vya kutosha, hakuna atakayemcheka. Alikuwa ameshaanza kujaza maombi ya pili.

Ile insha ya kueleza kwa nini unataka udaktari, mwaka wa kwanza aliijaza maelezo ya zile F: kiharusi, hospitali, kitanda cha Mama, kurasa mbili nzima. Safari hii alimsomea Mama ile ya zamani wakiwa barazani, ili aone cha kurekebisha. Mama anaongea polepole tangu augue. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umenifanya mimi ndiyo F." Katrice alilia siku ile. Kisha alifuta kurasa zote mbili akaandika mstari mmoja: Mama aliugua, nikaenda nyumbani kumuuguza, sikujua kwamba kuna fomu ya kuondoka, na sikuuliza. Nafasi iliyobaki aliwaandikia kuhusu wazee wake na mambo aliyojifunza kwao.

Shule moja ilimwita kwenye usaili, tarehe 17 Oktoba 2024. Otha alimpeleka kwa gari na kumngoja nje. Walikuwepo madaktari watatu. Mmoja wao aliweka kidole juu ya mwaka 2001, akauliza, "Ungerudishwa siku ile, ungefanya nini tofauti?"

"Ningejaza fomu," alisema Katrice. "Halafu ningekwenda nyumbani."

Tarehe 11 Desemba nilikuwa chini ya trekta la mtu simu ilipolia.

"Lavelle, nimeingia."

"Umeingia wapi?"

"Shule ya udaktari, mjinga wewe!"

Niligonga kichwa kwenye chuma na sikusikia maumivu. Jumapili yake kanisa hili lilikaanga kambare wa kulisha kaunti nzima, na Shemasi Tarver, mwenye miaka tisini na moja, alisimama akawakumbusha watu wote nani alisema nini mwaka 1989.

Mwezi Januari macho yake yaligeuka manjano. Tarehe 29, katika hospitali moja huko Memphis, aliambiwa kwamba ni saratani ya kongosho na imeshasambaa. Shule ilimwandikia kwa upole kwamba itamtunzia nafasi yake mwaka mzima. Ila tarehe 30 Aprili ndiyo siku ambayo mwenye nafasi anatakiwa kusema kama anaichukua au anaiachia, ili walio kwenye orodha waitwe. Jambo hili lilitugombanisha, na halitafichwa pia.

"Shule yenyewe imesema itakungoja," nilimwambia. "Wewe una haraka ya nini?"

"Daktari amenipa mpaka kiangazi, Lavelle."

"Daktari si Mungu."

"Mungu akitaka kuniponya hahitaji niwe nimeshikilia nafasi. Nitaomba upya. Njia naijua."

"Miaka saba, Katrice! Umeipigania miaka saba, leo unaitoa kama sahani ya keki?"

"Ni yangu, ndiyo maana naweza kuitoa. Kuna mtu sasa hivi anaingia na simu bafuni. Mimi nilikuwa huyo mtu. Siwezi kumkalisha hivyo mwaka mzima kwa ajili ya kiti ambacho sitakikalia."

Niliondoka bila kuaga, nikiwa na hasira. Sikuwa na hasira naye. Nafasi ile ilikuwa kitu cha mwisho kilichoniambia kwamba dada yangu ana mwaka ujao. Nilirudi kesho yake kumwomba radhi, naye akaniuliza kama nimekuja na radhi tu au nimeleta na supu.

Tarehe 22 Aprili Jakayla alimbonyezea namba ya shule, na Katrice akazungumza mwenyewe. Alitaja jina lake lote, akasema, "Naiachia nafasi yangu. Mpeni mtu leo, si kesho." Mwanamke aliyepokea simu, akisoma maswali yake kama inavyotakiwa, aliuliza ni shule gani nyingine aliyoichagua. Katrice alicheka mpaka akakohoa. "Andika hakuna," alisema.

Alifariki nyumbani kwake Jumapili tarehe 1 Juni 2025, saa nne asubuhi, mume wake na Mama wakiwa wamemshika mikono. Alikuwa na miaka arobaini na minne.

Ameacha mume, Otha, binti, Jakayla, anayeanza chuo Agosti na ambaye ofisi ya msajili ameshajua iko mlango gani, mama yake mzazi, Earnestine, mdogo wake, Lavelle, na wifi yake, Denita, wapwa watatu, na wazee thelathini na sita ambao tangu Januari wanauliza yuko wapi yule wa kuwakanda miguu.

Ameacha pia mtu mmoja ambaye hatumjui jina. Tarehe 24 Aprili shule iliandika kwamba nafasi imechukuliwa na aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha. Mtu huyo anaanza mwezi ujao, na akijaliwa atakuwa daktari mwaka 2029. Baadhi yetu tulitaka kumtafuta, angalau kumpelekea nakala ya wasifu huu. Tulimuuliza Katrice, wiki moja kabla hajatutoka.

"Mwacheni," alisema. "Ana mambo ya kusoma."

Bwana, mpumzishe dada yetu. Uchovu wake ni wa halali.