Choroko Ukweni

Basi la kutoka Kondoa lilipopita Msalato, Generosa aliacha simu ili awasikilize vizuri waliokaa mbele yake.

"Naenda mjini kumposea mwanangu," Mzee Chilewa, mfugaji, alimweleza mama mmoja wa Kihindi, muuza nafaka. "Daktari kanikataza nyama, na maharage yananijaza gesi. Nikichafua hewa mbele ya wakwe, mke hakuna."

"Pole, mzee wangu. Mimi tangu nizaliwe sijala nyama. Omba choroko zilizokobolewa, zichemshwe na tangawizi mpaka zilainike. Tumbo litatulia."

"Mgogo mwenye ng'ombe aombe choroko ukweni?"

Generosa alijiuma mdomo asicheke. Basi liliposimama stendi, mzee alimbebea yule mama mkoba wake.

"Twende ukawaambie wewe. Leo utakuwa shangazi wa bwana harusi."

"Mimi, shangazi wa Kigogo?" mama alimaka, lakini mguu wake tayari ulikuwa unatafuta ndala chini ya kiti.