Mama Noela na Ghorofa ya Nne ya Nyahanga

Bi. Eufrasia Ngassa, ambaye sote tunamwita Mama Noela, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya miaka thelathini na mitatu ya kukagua majengo katika idara yetu. Miaka kumi na minne kati ya hiyo nimekaa naye chumba kimoja, kwa hiyo nikisema mama huyu anachosha, naomba msinibishie.

Hajui kukagua jengo bila kutoa somo. Unakwenda naye Kagongwa kuangalia choo cha shule, kazi ya nusu saa, mnarudi jua linazama. Kwanza asimame kwenye nyumba ya msonge aeleze kwa nini Wasukuma waliezeka nyasi hadi karibu na ardhi. Hapo anahamia makanisa ya Lalibela yaliyochongwa kwenye mwamba, kuta za Zimbabwe Kuu zilizopangwa mawe matupu, msikiti wa Djenné ambao wenyeji huukandika tope upya kila mwaka. Anarudi kwenye maduka ya Wahindi ya enzi za pamba, yenye baraza pana, kisha shule za baada ya Uhuru na matofali yake ya matundu. Mwisho anafika kwenye maghorofa yetu ya vioo, na sauti inapanda: "Wote hao walijenga wakilitazama jua lao. Sisi tunatazama picha za Dubai kwenye kalenda!" Dereva wetu Ngusa alishazoea kuzima gari na kulala.

Mwaka 2019 alinichosha kupita kiasi. Salmini, mnunuzi wa dhahabu kutoka Geita, alikuwa akijenga nyumba ya wageni Nyahanga: ghorofa tatu, upande wa magharibi kioo kitupu, na alitaka kuongeza ya nne. Mama Noela aligonga nguzo za chini kwa nyundo, akasikiliza, akachora ukutani X nyekundu ya kusimamisha ujenzi.

Salmini alikuja ofisini amefura.

"Shikamoo, Mama Noela. Nyumba yangu, fedha yangu. Wewe unaumwa nini?"

"Marahaba, baba. Na watakaolala humo, ni wa nani?"

Mvutano ukaenda miezi mitatu. Simu za kulalamika zilinijia mimi, kaimu mkuu wa kitengo. Ijumaa moja nikaandika kibali mwenyewe, nikafungua droo kuchukua muhuri. Haupo! Mama Noela alikuwa ameutia kwenye mkoba na kwenda nao kijijini kwao Mhunze kumwuguza mama yake. Kwa siku nne hatukuweza kupitisha hata banda la kuku. Nilimpigia simu nikafoka. Aliniacha nimalize.

"Thobias mwanangu, lete kwanza watu wapime zile nguzo. Zikiwa nzima, nitagonga muhuri mwenyewe na kukuomba radhi mbele ya wote."

Niliwaleta ili tu nimshinde. Walipotoboa, walikuta nondo nyembamba, tena pungufu, na zege la kubomoka kwa kucha. Mafundi kumi na wawili walikuwa wakilala ghorofa ya chini ya jengo hilo. Jioni ileile tuliwatoa na magodoro yao. Wiki ya pili mvua kubwa ilinyesha na upande wa magharibi ukaanguka wenyewe, palepale walipokuwa wakitandika.

Kibali kile nilikiandika mimi. Mama Noela aliporudi nilijiandaa kwa somo refu, na kwa kweli nililitamani. Aliniuliza tu kama nimekula.

Salmini alijenga upya: ghorofa moja, matofali ya kuchoma, baraza pana. Ramani yake ilirudishwa mara saba na analalamika mpaka leo. Lakini mwezi uliopita alileta ramani ya nyumba anayotaka kujenga Geita, akakataa mtu yeyote aifungue isipokuwa Mama Noela.

Mama Noela, umetuchosha. Hata ukumbi wa hafla hii umeukagua na kutuandikia makosa sita. Tumerekebisha manne. Asante kwa kila jengo lililosimama, na zaidi kwa yale uliyokataa yasimame. Nenda Mhunze ukajenge ile nyumba uliyoichora mara kumi na moja. Tunakuombea afya, kivuli cha kutosha, na fundi mwenye subira kuliko sisi.

Thobias Magesa