Tisa Isiyo na Mkia: Maisha ya Opanyin Kwaku Domfeh, 1950–2019

Mzee wetu, Opanyin Kwaku Domfeh, alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Agosti 1950, mjini Mampong, Ashanti. Alikuwa mtoto pekee wa Kofi Domfeh, dereva wa lori, na Yaa Birago, mkulima wa viazi vikuu. Lori la baba yake lilikuwa Bedford, lililonunuliwa mwaka 1956, na juu ya kioo liliandikwa Mesan Aba, yaani Nitarudi. Kila Jumapili kazi ya Kwaku ilikuwa kuisugua injini kwa mafuta ya taa, mpaka herufi na namba zilizotokeza kwenye chuma zionekane. Akishamaliza, baba alimbeba begani na kumzungusha uani, mafuta yote yakiishia kwenye shati.

Alianza shule ya misheni Januari 1957, na hapo ndipo kiboko kilipomjua. Tarakimu alikuwa amejifunza kwenye injini. Sasa, injini ile ilipomiminwa kiwandani, mchanga wa kalibu ulimong'onyoka kidogo, na tisa moja ikatoka bila mkia, kiduara kitupu kinachoning'inia juu. Kwaku akawa anaandika tisa hivyo hivyo. Mwalimu alipomkemea, alijibu, "Tisa ya baba iko hivi." Aliongezewa viboko viwili, na mpaka anafariki hakuibadilisha. Mkaidi wa watu.

Novemba 1961 baba yake alipakia mbegu za kola kuelekea kaskazini, na hakurudi. Mji ulisema ameoa huko, amesahau kwao. Mama Yaa Birago hakuwa mke, hakuwa mjane. Nguo nyeusi ya msiba ilikaa sandukuni miaka na miaka. Nasi tunajua sote kwamba jeneza la baba hununuliwa na wanawe. Kwaku alikuwa na baba ambaye yeye hakuweza kumnunulia jeneza wala kumsalimu asubuhi. Jambo hilo lilimkaa moyoni kuliko njaa yoyote aliyoipata.

Mwaka 1967 aliingia Suame Magazine, mtaa wa magereji wa Kumasi, kujifunza ufundi wa injini. Wenzake walipenda kufungua. Yeye alipenda kusoma. Alipewa chuma kikuukuu kisicho na karatasi wala mwenyewe, akakisugua, akasema kilimiminwa kiwanda gani, mwaka gani, mwezi gani. Madereva walitoka hadi Takoradi kumletea injini walizouziwa kwa maneno matamu, na wengi waliondoka wameinamisha vichwa. Watu walidhani ni mapenzi ya kazi. Kila injini aliyoisugua, alikuwa anatafuta ile moja.

Tarehe 14 Aprili 1979 alimwoa Akosua Nyantakyiwaa, aliyewauzia mafundi ampesi ya viazi vikuu vya kuchemsha na mboga ya kontomire. Bi Akosua alimchoka mapema kwa safari zake za kukagua vyuma, akamuuliza siku moja, "Hivi wewe unatafuta injini au unatafuta mtu?" Marehemu alimjibu, "Nikiipata moja, nimempata wa pili." Tangu hapo alimfungia chakula cha njiani bila kuuliza.

Haitakuwa haki kuficha kosa lake kubwa. Mwaka 1984 ililetwa habari kuwa Techiman kuna injini yenye namba ileile ya kwenye risiti ya lori la baba aliyoitunza mama, na kwamba mwenye lori alikwishafariki. Kwa furaha na uchungu, Kwaku alipeleka habari Mampong kabla ya kwenda kuitazama. Mama alivaa nyeusi. Kufika kule, kusugua, chuma kilikuwa cha kiwanda kingine kabisa. Mjanja fulani alikuwa ameikwangua namba ya zamani na kugonga mpya. Mama aliivua ile nguo siku nne baadaye, akaikunja, akarudisha sandukuni. Alifariki mwaka 1990 akiwa bado anangoja. Toka siku ile marehemu aliwafundisha wanagenzi wake neno moja: "Namba iliyogongwa ni maneno ya watu. Iliyotoka na chuma motoni, hiyo ndiyo ya kuamini."

Tarehe 3 Machi 2006 mfanyabiashara alimletea injini ya mashine ya kusaga nafaka kutoka Zuarungu, karibu na Bolgatanga, atoboe upya silinda zake. Alisugua kama kawaida. Herufi ya kiwanda, ndiyo. Mwaka 1956, ndiyo. Kisha kiduara kikaning'inia, hakina mkia. Alikaa chini palepale kwenye mafuta na kuomba maji.

Huko Zuarungu alimkuta Mama Asibi, ambaye alikuwa msichana ekseli ya Mesan Aba ilipokatika mbele ya nyumba yao. Ulikuwa msimu wa vumbi, na homa ya uti wa mgongo ilikuwa inapita. Taniboi alikufa kwanza, Kofi Domfeh akafuata Januari 1962, akazikwa kwa mkeka. Hakuna aliyejua kwao ni wapi. Lori lilipoliwa na kutu, wakaitoa injini na kuifanya mashine ya kusaga. Mama Asibi alimwambia, "Alisema tusiitupe injini. Alisema, mwanangu anaijua, atakuja kuiuliza." Marehemu alilia kama mtoto, na hakuona haya kutusimulia.

Alichota udongo wa kaburi lile, akautia kwenye jeneza la mti wa odum, akauzika Mampong kando ya mama yake kwa matanga kamili. Nguo nyeusi ya mama aliiweka ndani.

Mwaka 2017 alianza kuugua figo. Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Mei 2019, Kumasi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Bi Akosua, watoto watatu, Abena Pokuaa anayewasomea maneno haya, Kofi na Ama, wajukuu saba, ndugu yake wa ukoo wa mama na mrithi wake, Yaw Sarfo, na Mama Asibi, aliyesafiri siku nzima na mfuko wa mtama aje kumzika.

Jeneza hili tumelinunua sisi wanawe, kwa wakati wake. Mtakaolisogelea mtaona kwenye bamba, tarehe ya kuzaliwa na ya kufa, tisa zote hazina mikia. Mchongaji alitaka kuzisahihisha, tukamkatalia. Baba yake asihangaike kumtambua.

Lala kwa amani, Opanyin.