Muthokoi ya Mchanga

Basi la kutoka Wamunyu lilikuwa linakaribia Machakos, na Nzilani, aliyempakata mwanawe Lenny, alikuwa ametega sikio kiti cha mbele. Hapo alikaa mzee mmoja mchonga vinyago na mjukuu wake wa nasari, Ndinda, ambaye kiatu chake kimoja kilielekea Kitui na kingine Nairobi.

"Mzee, huyu mtoto amevaa viatu vibaya," akasema mama aliyeketi kando yao.

"Amejivalisha mwenyewe, mama. Mwalimu wake alitukataza kuwasaidia watoto kuvaa."

"Huyo ni mwalimu ama ni mvivu? Wangu anaandika mpaka mia. Huyu anajua nini?"

"Kupika muthokoi ya mchanga. Anapimia wenzake na kifuniko cha soda, na hakuna mtu anakosa. Hiyo si hesabu?"

"Ngoja intaviu ya darasa la kwanza. Watamuuliza muthokoi?"

"Wakimuuliza huyo wako, atalala njaa."

Nzilani nusura apige makofi. Mzee alikuwa ameyasema yote yaliyokuwa moyoni mwake.

Basi likasimama. Ndinda akaukataa mkono wa babu yake, akaanza kushuka kinyumenyume, taratibu, huku makanga akipigapiga bati na yule mama akisonya.

"Si mumwache ajifunze!" Nzilani akawakemea wote wawili. Kisha akamfuta Lenny kamasi, akambeba mgongoni, akashuka naye. Miguu ya mtoto ilikuwa karibu kuburuzika chini, maana Lenny alikuwa darasa la pili.