Uji wa Mukamana na Karatasi ya Kaka Twahiru

Ndugu zangu, majirani, na nyinyi munasimama mpaka barabarani hapa Kabeza, mimi ni Nasiri, mdogo wa marehemu, familia imesema nisome, na nitasoma yote, hata ile mimi mwenyewe sipendi.

Kaka Twahiru alizaliwa mwaka 1938 hapa Kigali, mama alisema alilia siku tatu bila kuvuta pumzi, mapafu ilikuwa ya nguvu, akasoma Kurani, akasoma primeri mpaka mwaka wa tatu, sawa na mimi, lakini Kifaransa chote cha nyumbani nilikibeba mimi.

Mwaka 1957 alianza kushona, akafungua duka Remera, ukivaa suti yake hata baba mkwe anakusalimia mara mbili, na ile pasi ya makaa aliipuliza kwa mdomo miaka thelathini na tano, moshi yote akakula yeye. Tarehe 4 Juni 1961 alimuoa Shakira, wakazaa watoto sita, wote iko hapa.

Kikohozi kilianza 1990, na mwaka jana, mwezi wa saba, kutoka kitandani mpaka mlangoni alihema kama mtu ametoka Butare kwa miguu, tukampeleka hospitali, dokta akamupa pompe ya kifua, kile kikopo cha dawa cha kubonyeza, na karatasi, imeandikwa deux bouffées, asubuhi na jioni, na karatasi mukanipa mimi. Nikasoma kwa sauti, nikasema bouffer ni kula, basi muzee akule mara mbili, na pompe ifungwe ndani ya sanduku, ni ya siku mbaya.

Jirani Mukamana akaleta uji asubuhi na jioni, miezi sita, kila siku anaonja kwanza mbele yetu kama desturi, lakini kaka anazidi kukonda, watu wakaanza kusema huyu mama anaficha sumu kwenye kucha, anaonja upande huu, anamupa upande ule, na wa kwanza kusema ni mimi, nilisema mpaka mbwa wakaogopa mlango wake. Kaka alikunywa tu, akanitania kwamba sumu gani hii inashibisha.

Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 12 Januari 1993, saa nne asubuhi. Muuguzi Kaliza aliomba pompe, akaibonyeza, dawa ikatoka, pompe imejaa, haijaguswa, akasoma karatasi, akasema bouffée ni kuvuta dawa kwa mdomo, si kula, akasema isingemponyesha, lakini angefika dukani kwa miguu yake. Wote wakaniangalia, mimi nikaangalia viatu.

Basi nyinyi munaogeuka kumuangalia Mukamana pale nyuma, na birika yake ya chai hakuna mtu ameigusa toka asubuhi, geukeni huku, niangalieni mimi.

Tunashukuru madaktari, Kaliza, mafundi wote wa Remera, majirani, na Mukamana kupita wote. Mama Mukamana, leo usionje, nimiminie tu hiyo chai, nitakunywa wa kwanza.

Na wewe kaka, pumzika kwa amani, vuta pumzi zako zote, huko hakuna karatasi ya mimi kukusomea.